Jampa Imekataa: Kwa Nini Betri Isihukumiwe Kwanza

Salgaa ni mji wa malori. Kituo hiki cha Kaunti ya Nakuru, kwenye barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea Malaba, kimekua kwa sababu ya madereva wa masafa marefu, na katikati ya malori yao hukosi kuona magari madogo ya wenyeji na wapita njia: Corolla za miaka ya 1990, Nissan Sunny B12, Peugeot 504 za pikapu ambazo mpaka leo zinashusha viazi kutoka Molo. Asubuhi yenye baridi mojawapo hukataa kuwaka. Nyaya zinaletwa, gari jingine linasogezwa karibu, watu wanajampu. Likikataa tena, hukumu haicheleweshwi: "Mkubwa, betri imeenda. Tafuta ingine."

Maneno hayo nimeyasikia kwa mafundi ninaowaheshimu na kwa madereva waliozeekea barabarani. Siyakubali. Gari lililokataa hata baada ya kupewa moto wa betri nzima limetupa ushahidi, na ushahidi huo, mara nyingi, unaelekeza mbali na betri. Anayekimbilia duka la betri wakati huo anaacha kusoma kipimo ambacho amekwisha kukifanya bila kulipa hata shilingi moja.

Wenye maoni hayo tuwatendee haki kwanza, maana wana hoja tatu, na hakuna hata moja ya kupuuzwa.

Ya kwanza ni kwamba betri huchakaa kweli. Betri ya risasi na asidi, aliyoivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, bado inafanya kazi kwa kanuni ile ile: mabamba ya risasi ndani ya asidi, vyumba sita vilivyounganishwa, kila kimoja kikitoa volti mbili na ushei. Ikiachwa bila moto kwa wiki kadhaa, mabamba yake hufunikwa na salfeti ngumu isiyoyeyuka tena kwa kuchajiwa. Ikitumika vizuri, miaka mitatu hadi mitano ni umri wa kawaida. Na baridi haiisaidii. Salgaa iko juu kuliko Nakuru mjini, ambako kwenyewe ni mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo barabara inazidi kupanda hadi Mau Summit. Usiku wa Julai huko juu, asidi hufanya kazi polepole na oili ya injini huwa nzito, hivyo stata inadai nguvu nyingi wakati ule ule betri ina nguvu kidogo.

Ya pili ni ya kivitendo. Betri ndiyo kifaa kinachobadilishwa upesi kuliko vyote: spana ya 10, dakika chache, safari inaendelea. Mtu mwenye mzigo wa maziwa au mgonjwa wa kupeleka hospitali hana subira ya kusikiliza mhadhara wa umeme.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Wanasema: tumebadilisha betri mara nyingi na magari yakawaka, sasa unabisha nini? Hoja hii nitaijibu mahali pake, kwa sababu ndiyo inayoilinda imani yote.

Lakini hata tukizikubali zote tatu, bado hazijibu swali lililo mbele yetu. Swali si kama betri huwa zinakufa. Swali ni gari hili, ambalo limekwisha kupewa moto wa betri nyingine na bado limekataa, lina tatizo gani. Ukiunganisha betri nzima sambamba na betri dhaifu, volti zinabaki 12 na nguvu ya kusukuma inaongezeka. Ikiwa ugonjwa ulikuwa ukosefu wa moto peke yake, ugonjwa huo umeondolewa, na injini inapaswa kuzunguka. Isipozunguka, ama moto wa jampa haukufika, ama umefika kwenye betri lakini hauendi kwenye stata, ama stata yenyewe haifanyi kazi. Na kama injini inazunguka vizuri ila haishiki, basi hapo hatuzungumzii tena betri hata kidogo.

Kuna jambo jingine linalosahaulika sana kuhusu magari ya zamani. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, hivyo hata lile tunaloliita jipya mara nyingi limeshafanya kazi miaka kadhaa ugenini. Corolla ya 1994 imebadilishiwa betri mara nyingi tangu itoke kiwandani. Je, waya mnene unaounganisha injini na bodi umewahi kubadilishwa? Waya wa stata? Swichi ya ufunguo? Katika gari la umri huo, betri mara nyingi ndiyo kifaa kichanga kuliko vyote vilivyo kwenye njia ya umeme. Kumshuku mdogo kuliko wote na kuwaacha wazee wenye kutu bila kuulizwa ni kinyume cha akili.

Sasa tuzitazame sababu zenyewe, tukianzia na jampa, kwa kuwa wengi hudhani jampa ikifungwa basi moto umeingia.

Nyaya nyingi zinazouzwa kando ya barabara ni nene kwa macho tu. Plastiki ni nyingi, shaba ndani ni kidogo, na pengine hata si shaba. Stata ya gari dogo la petroli hula kati ya ampea 100 na 200 inapozungusha injini. Chukua 150. Kama njia nzima ya umeme, pamoja na koleo zake, ina ukinzani wa omu 0.02 tu, basi 150 mara 0.02 ni 3: volti tatu zimepotea njiani. Kati ya 12 zinabaki 9, na hapo hatujatoa kile kinachopotea ndani ya betri zenyewe. Omu 0.02 ni kitu kidogo mno; mita nyingi za bei nafuu haziwezi hata kukionyesha. Ni sawa na tangi lililojaa maji juu ya mnara, na bomba lake limeziba kwa chokaa: ukiongeza tangi la pili juu, mferejini bado yatatoka matone.

Hesabu hiyo inaeleza pia lile linalowachanganya watu wengi, yaani gari ambalo taa zinawaka na redio inaimba lakini stata haigeuki. Taa mbili kubwa za mbele hula kama ampea 9. Katika njia ile ile yenye omu 0.02 zitapoteza volti 0.18 tu, na jicho halitaona tofauti. Ndiyo maana kusema "taa zinawaka, kwa hiyo nyaya ni nzima" ni kosa, sawa na kusema "stata haizunguki, kwa hiyo betri ni mbovu". Mzigo mdogo hupita mahali ambapo mzigo mkubwa hauwezi.

Kwa hiyo kabla ya hukumu yoyote, jampa yenyewe ithibitishwe. Koleo ziume chuma safi, si kutu wala unga mweupe. Gari linalotoa moto liwashwe na liachwe likinguruma kwa dakika 5 hadi 10 ili betri iliyolala ipate chochote, ndipo ufunguo ugeuzwe. Baada ya kujaribu, pitisha mkono juu ya viungo, kwa tahadhari. Kiungo kilichopata moto kuliko vingine kimejifichua chenyewe: umeme uliotakiwa kuzungusha injini umeishia hapo ukiwa joto.

Salgaa ina hatari yake ya pekee, nayo nataka niisemee kwa uzito. Jirani wa kwanza wa kukusaidia hapo ni dereva wa lori, na wema wa madereva hao haukosi. Lakini malori mengi makubwa hutumia volti 24, betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Anayeunganisha gari dogo kwenye ncha mbili za mfumo huo mzima anaingiza volti 24 kwenye gari lililoundwa kwa 12. Balbu huungua, redio hufa, kompyuta ya injini inaweza kwenda, diodi za altaneta pia, na betri iliyolazimishwa hivyo hutoa gesi ya hidrojeni ambayo cheche moja inatosha kuilipua usoni mwa mtu. Wapo wanaojua kuchukua moto kwenye betri moja tu kati ya zile mbili, ile ambayo upande wake wa hasi umefungwa kwenye chesisi, lori likiwa limezimwa. Inawezekana, ila mimi nasema tafuta gari dogo hata kama itabidi usubiri. Kosa moja hapo linazidi bei ya betri tano.

Nalisema hili si kwa ajili ya usalama peke yake. Linahusu uchunguzi wenyewe. Gari linaweza kuwa na ugonjwa mmoja kabla ya jampa na ugonjwa mwingine baada yake. Uliza: kabla ya nyaya kufungwa, taa za dashibodi ziliwaka hafifu? Na sasa hakuna hata moja inayowaka? Betri haizidi kufa kwa kupewa moto. Kuzimika kabisa baada ya jampa ni dalili ya fyuzi kubwa iliyo karibu na betri, iliyokatika kwa sababu mtu alibadilisha chanya na hasi au aliingiza volti za lori. Ukifunga betri mpya kwenye gari hilo, litabaki kimya vile vile, na sasa utaambiwa kwamba kompyuta imeungua. Huenda kinachohitajika ni fyuzi.

Tuseme jampa ilikuwa halali. Nyaya nzuri, volti sahihi, muda wa kutosha. Gari limekataa. Hapo kuna kipimo kinachohitaji watu wawili na taa za mbele tu. Washa taa kubwa, mmoja asimame mbele, mwingine ageuze ufunguo.

Taa zikibaki na mwanga wake wote na stata ikae kimya, au ilie "tak" mara moja tu, moto upo ila haushuki kwenye stata. Hapo washukiwa ni swichi ya ufunguo, waya mdogo unaoiamuru stata, solenoidi, au kaboni za stata zilizokwisha. Kwa gari la otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Swichi ya usalama ya gia huchakaa, na wengi wamenunua betri kwa sababu yake. Gari lililofungwa alamu likague pia: alamu nyingi zilizofungwa mitaani hukata waya wa stata, na zikiishiwa moto kisha zikarudishiwa ghafla, hufunga gari kana kwamba mwizi ndiye aliyeshika ufunguo. Kuhusu kaboni, mafundi wa zamani wana njia yao, nayo ni sahihi: mmoja ageuze ufunguo huku mwingine akiigonga stata kwa mpini wa spana, kwa upole. Ikizunguka baada ya kugongwa, kaboni zimekwisha. Fundi wa stata atazibadilisha kwa bei isiyokaribia ya betri.

Taa zikizimika kabisa unapogeuza ufunguo, halafu zikarudi unapouachia, mahali fulani kuna kiungo kibovu: njia inabeba ampea 9 lakini inakatika inapoombwa 150. Anza na vichwa vya betri. Vivue, visugue kwa brashi ya waya hata kama kwa nje vinaonekana safi, kwa maana uchafu wenye madhara hukaa kati ya kichwa na nguzo, mahali jicho halifiki. Kisha njoo kwenye waya wa hasi.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ndipo magari mengi ya zamani yanapoponea na ndipo pasipotazamwa. Umeme wa stata hauishii kwenye stata. Unatoka chanya ya betri, unaingia stata, unatoka kupitia chuma cha injini, na lazima urudi hasi ya betri. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haigusi bodi kwa chuma. Kinachoiunganisha ni waya mmoja mnene au utepe wa nyuzi za shaba uliosukwa, uliofungwa chini kabisa, mahali penye oili, matope na mtetemo. Ukiwa mnyonge, unaweza kuleta betri ya trekta na injini isizunguke. Na jampa hiyo hiyo iliyoshindwa ndiyo inayoweza kuufichua. Ondoa koleo nyeusi kwenye betri ya gari lililokataa, uibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Geuza ufunguo. Injini ikizunguka kwa nguvu, umepata jibu: betri haikuwa na kosa, njia ya kurudia ilikuwa imekatika. Hivyo ndivyo jampa inavyotakiwa kufungwa siku zote kwa ajili ya usalama, cheche iwe mbali na gesi ya betri, na anayefuata desturi hiyo anapata kipimo cha ziada bila kukitafuta.

Ikiwa taa zinafifia taratibu na injini inazunguka kwa kujikokota ingawa jampa ni nzuri, stata inakula umeme kupita kiasi kwa sababu bushi zake zimekwisha, au injini yenyewe imekaza. Jambo la kuangalia ni kama injini inazunguka kwa mkono, spana ikiwa kwenye nati ya puli ya mbele. Isipozunguka, acha kabisa kugeuza ufunguo.

Na ikiwa injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki, sioni hata hoja moja inayobaki ya kuishtaki betri. Kazi yake wakati huo ni kuzungusha injini na kutoa cheche, kuzungusha imezungusha. Tafuta moto kwenye plagi. Tafuta mafuta. Katika magari yenye distributa, unyevu wa ukungu wa asubuhi za huku huingia kwenye kifuniko chenye ufa na cheche hupotea kabla ya kufika kwenye plagi. Kukausha kifuniko hicho kwa kitambaa kumeamsha magari mengi. Kwa yale ya pointi, kagua kama zimeungua au zimefungana. Ukisikia injini inashika pale tu unapouachia ufunguo, angalia swichi na waya unaopeleka umeme wa koili wakati wa kuwasha. Kwa yenye sindano za mafuta, geuza ufunguo bila kuwasha na usikilize mngurumo mfupi wa pampu kutoka kwenye tangi. Na baada ya watu kumi kujaribu mara kumi, plagi huwa zimelowa petroli: kanyaga pedeli ya mafuta mpaka mwisho, uishikilie hapo huku stata ikizunguka, ili hewa iingie nyingi na kuzikausha. Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina mgandamizo, simama. Mkanda wa taimingi unaweza kuwa umekatika.

Sasa nirudi kwenye ile hoja ya tatu, kwamba betri mpya imeponya magari mengi. Sikatai kwamba yaliwaka. Ninachokataa ni kwamba kuwaka huko kunathibitisha kilichodaiwa, na nina sababu mbili.

Kwanza, huwezi kufunga betri mpya bila kufungua vichwa, kuvisugua na kuvikaza upya. Kama kasoro ilikuwa kwenye kichwa kilicholegea, spana imeitibu, na sifa ikapewa betri. Hakuna aliyejaribu kuirudisha betri ya zamani baada ya vichwa kusafishwa ili tuone. Jaribio hilo huchukua dakika tano, na wanaolifanya ni wachache mno.

Pili, betri mpya huuzwa ikiwa imejaa moto. Hata kwenye gari ambalo altaneta yake haichaji kabisa, itawasha injini leo na kesho, na kama mwenye gari haendeshi usiku, hata siku kadhaa. Altaneta iliyokufa inafichwa na ujana wa betri. Siku ile moto unapokwisha, mtu hasemi "altaneta yangu mbovu". Anasema ameuziwa betri feki. Mlolongo huo huo huwapata wenye moto unaovuja usiku: balbu ya wati 5 ya buti isiyozima hula ampea 0.4, ambayo ni karibu ampea-saa 10 kwa siku, na katika siku mbili betri ndogo ya ampea-saa 45 imebakiwa na nusu hivi. Betri mpya itachelewesha tatizo, haitaliondoa.

Kipimo cha altaneta ni rahisi, na ndicho kinachotenganisha gari lililowaka kwa jampa na kuzimika baadaye. Injini ikinguruma, mita kwenye nguzo za betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikisoma 12 na inashuka, altaneta haichaji. Kagua kwanza mkanda wake, kisha waya mdogo na fyuzi yake, ndipo uishushe. Naomba tuachane kabisa na ile desturi ya kuvua kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma ili "kuona kama altaneta inabeba". Ilikuwa na maana kidogo enzi za dainamo. Kwenye altaneta, kuondoa betri ghafla kunarusha volti juu mara nyingi zaidi ya 14, na diodi na kompyuta hulipa gharama. Ni kipimo kinachoweza kuua kile kinachopimwa.

Nilisema tangu mwanzo kwamba betri huwa na hatia wakati mwingine, na kuna hali moja ambapo inaweza kuishinda hata jampa iliyo nzuri. Chumba kimoja kikipiga shoti ndani, betri hiyo hugeuka mnywaji: kila moto unaoletwa inaumeza yenyewe kabla haujafika kwenye stata. Dalili yake ni betri inayosoma volti 10.5 hivi hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, yaani vyumba vitano badala ya sita. Njia ya kuthibitisha barabarani ni kuvua vichwa vyote viwili vya betri inayoshukiwa, kuhakikisha havigusani wala kugusa bodi, kisha kufunga jampa moja kwa moja kwenye vichwa hivyo. Tazama tu kama stata inazunguka. Usiliendeshe gari bila betri. Ikizunguka kwa nguvu ambayo haikuwa nayo dakika moja kabla, betri ndiyo mkosaji na sitaitetea. Betri yenye vifuniko inaweza kuhojiwa pia kwa haidromita: chumba kilichojaa husoma karibu 1.27, na kimoja kikipishana sana na wenzake, kimekufa.

Kuna sababu ya kulishupalia jambo hili mahali hapa kuliko kwingine. Kutoka Salgaa barabara inapanda kupitia Migaa na Sachangwan, na mteremko huo umeua watu wengi. Usiku wa kuamkia 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa na zaidi ya watu 30 wakafa. Gari lililowashwa kwa jampa bila kujulikana ugonjwa wake linaweza kuzimika kwenye mlima huo, gizani, bila taa hata za tahadhari, malori yakija nyuma. Na dereva anayeogopa kuzima injini kwa kuwa haitawaka tena ataishi kwa wasiwasi kila kituo, au, vibaya zaidi, ikimzimikia kwenye mteremko ataliacha gari liteleze, breki zikiwa nzito kwa kukosa msaada wa injini. Dakika ishirini za kupima kabla ya kuondoka ni chache.

Basi, ndugu mwenye gari, na wewe fundi unayemshauri: kabla ya pesa kutoka mfukoni, pateni namba tatu kwa mita ya kawaida ambayo kila fundi wa umeme wa gari anayo. Volti za betri ikiwa imetulia, 12.6 ikiwa imejaa, 12.2 ikiwa nusu. Volti zake wakati stata inazunguka, zisizoshuka chini ya 9.6 hivi. Volti zake injini ikinguruma. Ikiwa ya kwanza na ya pili ni nzuri na gari bado halizunguki inavyotakiwa, betri iachwe mahali pake na fundi ashuke chini na tochi kuutafuta waya wa hasi.